Shokapu za mbele kuvuja oili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu pikipiki za njia mbovu na za magurudumu matatu

Majibu haya ni ya mwenye pikipiki ya vumbi na matope, au toyo ya mizigo (ya magurudumu matatu), aliyeona oili kwenye miguu ya mbele na hajui aanzie wapi. Tutatumia majina manne. Paipu ni chuma kinachong'aa. Mguu ni sehemu ya aluminiamu iliyoshika ekseli. Sili ni pete ya mpira inayozuia oili, na kofia ya vumbi ni mpira ulio juu yake unaozuia uchafu. Huko kwenye gereji yako huenda yanaitwa vingine. Onyesha kwa kidole mtaelewana.

## Mambo ya msingi

1. Sili iko wapi hasa, na inafanya kazi gani?

Kwenye shokapu ya kawaida, paipu inaingia ndani ya mguu kwa juu. Pale inapoingia kuna kofia ya vumbi, chini yake klipu ya waya, na chini ya klipu ndipo ilipo sili. Sili ina mdomo mwembamba wa mpira unaobanwa kwenye paipu na springi ndogo ya mviringo. Kila gurudumu linapopanda na kushuka, mdomo huo unaipangusa paipu ili oili ibaki ndani.

Mdomo hauzuii oili asilimia mia. Unaacha utando mwembamba mno juu ya paipu, na huo ndio unaoulainisha. Sili isiyoacha unyevu wowote ingeungua.

2. Nitajuaje kama inavuja kweli, au ni unyevu wa kawaida tu?

Futa paipu na mdomo wa mguu kwa kitambaa kikavu mpaka vikauke kabisa. Panda, shika breki ya mbele, kisha bonyeza usukani kwa uzito wako mara 15 hivi, shokapu ishuke na kurudi. Shuka uangalie.

Kama paipu inang'aa kidogo na kidole kikipita hakilowi, hakuna tatizo. Kama kuna pete ya oili iliyojikusanya mahali kofia ya vumbi inapofikia, sili imeanza kuchoka au imeshikwa na uchafu. Kama oili inateremka kwenye mguu, inavuja.

Usitoe hukumu kwa jaribio la kwanza. Kofia ya vumbi huhifadhi oili ya zamani chini yake, na ukibonyeza inatoka hata kama sili ni nzima. Ichokonoe taratibu kwa bisibisi bapa nyembamba, ipandishe juu kwenye paipu, kausha kisima kilicho chini yake kwa kitambaa, kisha rudia. Ukikuta kisima kimejaa tena, hapo una uhakika. Ukiona klipu imeliwa na kutu, maji yameshaingia muda mrefu.

3. Nimeona oili kwenye mguu. Inaweza kuwa imetoka mahali pengine?

Ndiyo, na wengi hununua sili bure kwa sababu hii. Kuna sehemu tano za kuangalia kabla ya kufungua chochote.

Anza na breki, kama ya mbele ni ya diski. Mafuta ya breki yakitoka kwenye master silinda au kwenye mpira wake hufuata mguu kwenda chini kama oili ya shokapu. Chukua tone moja uliweke kwenye bakuli la maji. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 yanachanganyika na maji. Oili ya shokapu inaelea. Mafuta ya breki pia hubabua rangi, kwa hiyo ukiona rangi ya mguu imevimba au inamenyeka, umeshapata jibu.

Ya pili ni bolti ya chini, ile iliyojificha kwenye shimo chini ya mguu, karibu na ekseli. Ina washa ya shaba, na washa ikitumika mara ya pili bila kubadilishwa huvuja. Dalili yake ni kwamba sehemu ya juu ya mguu ni kavu kabisa, na oili inaanzia chini. Ya tatu ni skrubu ya kumwagia oili, kwa shokapu zenye nayo. Ya nne ni oringi (pete ya mpira) ya bolti ya juu: oili hushuka kwenye paipu kutoka kwenye kibano cha usukani kinachoishika paipu kwa juu, na ukipitisha kitambaa juu ya kofia ya vumbi kinatoka kimelowa. Ya tano ni grisi ya beringi za usukani au za gurudumu, ambayo jua kali huilegeza.

Kama bado huelewi, osha mguu wote, ukauke, kisha upake unga wa chaki au poda ya mtoto. Endesha kilomita mbili tatu. Poda itakuonyesha mstari wa kwanza ulikoanzia.

4. Naweza kuendelea kuendesha mpaka mwisho wa mwezi?

Pete nyembamba isiyoteremka, endelea, lakini ifute kila asubuhi na ujaribu usafishaji wa swali la 7. Oili inayoteremka ni jambo jingine, kwa sababu safari yake inaishia kwenye diski na pedi, au kwenye sahani ya breki ya ngoma. Breki iliyolowa oili haitakupa onyo. Utagundua siku unayoihitaji.

Zaidi ya hapo, mguu uliopungukiwa na oili unabaki na springi tupu. Upande mmoja unadunda na mwingine unazuia, na kwenye makorogesheni (vituta vya mfululizo vya barabara ya vumbi) usukani unatetemeka kama unataka kukuponyoka.

## Kutafuta chanzo

5. Kwa nini sili huanza kuvuja?

Sili yenyewe ni mara chache kuwa mkosaji. Mpira huzeeka na kukakamaa, ni kweli, lakini kwenye njia za vumbi huwa umeuawa na kitu kabla ya kufikia uzee. Kwa uzoefu wa mafundi wa njia hizi, mpangilio ni huu: tope lililokauka chini ya mdomo, mikwaruzo au kutu kwenye paipu, bushi (pete zinazoiweka paipu katikati) zilizolika, oili iliyozidi kipimo, na mwisho kabisa sili duni au iliyofungwa vibaya.

Ndiyo maana hupaswi kwenda duka la spea kwanza. Sili mpya juu ya paipu yenye kutu inakaa wiki mbili, na ya tatu unarudi palepale.

6. Mashine za kuoshea pikipiki zinahusika?

Sana. Maji ya mgandamizo yakielekezwa kwenye kofia ya vumbi kutoka juu yanasukuma tope ndani, mahali ambapo mvua peke yake isingelifikisha. Mwambie kijana wa kuoshea apulizie miguu kutoka pembeni na kwa mbali, na paipu zifutwe kwa kitambaa.

7. Kuna namna ya kuponya uvujaji bila kubadilisha sili?

Ipo, na ijaribu kwanza maana haina gharama. Unahitaji kipande cha plastiki chembamba, kigumu kiasi, chenye ukingo laini. Filamu ya eksirei ya zamani inafaa kuliko kitu chochote. Kipande cha ubavu wa chupa ya maji nacho kinafanya kazi.

Kata ukanda wa upana wa sentimita 3 na urefu wa kama 12. Kwenye ncha moja kata kijino cha ndoano upande mmoja, halafu kilainishe kwa msasa mzuri. Pandisha kofia ya vumbi, safisha kisima, ingiza ncha kati ya paipu na sili mpaka uhisi imepita mdomo. Sasa zungusha kuizunguka paipu huku ukivuta juu kidogo, ndoano itoke na uchafu. Futa, rudia. Mara nyingi hutoka uji mweusi wenye punje za mchanga unaozihisi ukisugua kati ya vidole viwili. Bonyeza shokapu mara kumi, futa oili iliyotoka, zungusha tena. Ukimaliza rudisha kofia na urudie jaribio la swali la 2.

Usitumie msumeno wa chuma, wembe wala waya. Vinachana mdomo, na hapo huna tena cha kuponya. Kama baada ya kusafisha mara tatu bado inateremka, sili imekatika au paipu ina kasoro.

8. Paipu inakaguliwaje?

Kwa ukucha, kisha kwa pamba. Safisha paipu yote inayoonekana, pitisha ukucha juu na chini kuizunguka pande zote, hasa upande wa mbele unaopigwa na kokoto. Kisha pitisha pamba au soksi laini ya nailoni: nyuzi zikinasa, kuna ncha ya chuma iliyosimama ambayo ukucha umeikosa. Weka alama kwa kalamu.

Jambo la kuamua ni mahali kasoro ilipo. Sili hutembea kwenye sehemu moja tu ya paipu. Funga uzi au kipande cha kamba ya mpira juu ya kofia ya vumbi, endesha siku nzima kwenye njia yako, uone umesukumwa mpaka wapi. Kutu iliyo juu ya hapo haikusumbui leo, ingawa siku ukiingia shimoni itakusumbua.

Ncha iliyosimama inasawazishwa kwa jiwe laini la kunolea lililopakwa oili, kisha msasa namba 1000 na 2000. Unaondoa kilichosimama tu. Usiisugue kromu nzima. Kashimo kamoja kadogo kanaweza kujazwa gundi ya epoksi, ikakauka siku nzima, ikasawazishwa kwa msasa. Mashimo mengi ya kutu yaliyosambaa kama pilipili manga hayana dawa: paipu ibadilishwe, au ipelekwe kupigwa kromu upya kwa fundi anayejua kuirudisha kwenye kipimo chake.

9. Nilianguka, au niligonga shimo. Nitajuaje kama paipu imepinda?

Kwanza tofautisha kupinda na kujipinda kwenye vibano. Mara nyingi baada ya kuanguka, usukani unaangalia upande huku gurudumu likienda mbele, na hakuna kilichopinda. Legeza bolti za vibano na ekseli, banisha gurudumu kati ya magoti, nyoosha, kaza.

Kama hali haibadiliki, toa paipu, ilaze juu ya kioo kinene cha dirisha na uiviringishe. Fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya 0.2 mm ikipita chini yake katikati, imepinda kupita ukomo uliowekwa kwenye miongozo mingi ya Honda na Yamaha. Kuna mafundi wanaoinyoosha kwa mashine ya kugandamiza. Miongozo ya Yamaha inakataza, kwa sababu chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa hubaki dhaifu, na paipu hiyo ndiyo inayokushikia gurudumu la mbele.

10. Bushi zilizolika zinahusianaje na sili?

Bushi ndizo zinazoiweka paipu katikati ya sili. Zikilika, paipu inayumba, mdomo unabanwa upande mmoja na kuachia upande mwingine, na oili inapita kwenye mwanya. Hakuna sili inayoweza kulifuata yumbo la namna hiyo.

Inua gurudumu la mbele kwa kuweka kreti la soda chini ya injini. Shika miguu yote miwili kwa chini, sukuma na kuvuta mbele na nyuma, msaidizi akiweka kidole mahali paipu inapoingia kwenye mguu. Akihisi mchezo, yaani kulegea, hapo, ni bushi. Mchezo ukiwa juu, kwenye shingo ya usukani, ni beringi za usukani, na hilo halihusiani na sili.

Kwenye pikipiki nyingi ndogo za 100 hadi 150 cc hakuna bushi ya juu inayobadilishwa. Paipu inasugua moja kwa moja kwenye aluminiamu ya mguu. Hapo kilicholika ni mguu wenyewe. Ni habari mbaya, lakini kununua mguu mmoja ni nafuu kuliko kununua sili kila mwezi.

## Kubadilisha sili

11. Namba kwenye sili zinamaanisha nini?

Ni vipimo kwa milimita: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, kimo. Sili ya 31×43×10.3 inaingia kwenye paipu ya milimita 31, inakaa kwenye shimo la milimita 43. Namba mbili za kwanza hazina mjadala. Ya tatu inaweza kupungua kidogo, lakini ikizidi klipu haitaingia kwenye mfereji wake, na sili itasukumwa nje siku ya kwanza ya matuta.

Nenda dukani na sili ya zamani mkononi. Jina la pikipiki peke yake halitoshi, maana mtindo mmoja huweza kubadilishiwa shokapu mwaka hadi mwaka.

Dukani, ibinye mdomo. Mpira mzuri unarudi haraka. Ulio mgumu kama kandambili ya zamani umekaa rafuni miaka. Angalia springi ya ndani: iwe imekaa sawa kote na haina kutu.

12. Hatua za kubadilisha ni zipi?

Kabla ya kutoa mguu, legeza bolti ya kibano cha juu, kisha ulegeze bolti ya juu ya paipu kidogo tu, wakati vibano vya chini bado vimeishika. Pia legeza ile bolti ya chini mguuni wakati springi iko ndani na inasukuma. Ukisahau, fimbo ya ndani, ile inayoshikwa na bolti hiyo, itazunguka pamoja na bolti na hutaifungua. Dawa yake ni mpini wa ufagio uliochongwa ncha, ukakandamizwa ndani ya kichwa cha fimbo kutokea juu huku mwenzako akifungua chini.

Toa gurudumu, breki na madigadi. Fungua bolti ya juu ukiikandamiza kwa kiganja, uso ukiwa pembeni, kwa sababu springi inasukuma. Mwaga oili kwenye chombo cheupe. Oili ya kijivu ni aluminiamu iliyolika. Yenye povu la maziwa ni maji. Ikinuka kama samaki, imezeeka tu.

Toa bolti ya chini, kofia ya vumbi na klipu. Kama shokapu ina bushi ya juu, vuta paipu kwa kuistua mara kadhaa kama nyundo, sili itatoka nayo. Kama haina, paipu inatoka yenyewe na sili inachokolewa kwa chuma cha kutolea tairi, ukiweka kipande cha mbao ukingoni. Mkwaruzo kwenye kiti cha sili ni njia mpya ya oili.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha. Rudisha paipu, bolti ya chini na washa mpya ya shaba. Mkazo wa karibu 20 Nm unatosha kwa bolti ya M8, yaani mkono mmoja bila kuongeza bomba kwenye spana. Sasa sili. Funika ncha ya paipu kwa plastiki laini, kama ile ya kufungia mkate, uipake oili, kisha teremsha sili. Bila plastiki, ukingo wa paipu unakata mdomo na hutaona kwa macho.

Gonga sili iingie kwa bomba la PVC lenye kipenyo cha sili. Zunguka ukigonga kidogo kidogo. Sauti itabadilika kutoka mlio laini kwenda mlio mgumu: imefika. Mfereji wa klipu uonekane wote kabla hujaweka klipu.

13. Sili inaangalia upande gani?

Upande wenye shimo na springi inayoonekana unaelekea kwenye oili. Kwa shokapu ya kawaida ni chini, na maandishi yanabaki juu.

14. Niweke oili gani, na kiasi gani?

Shokapu nyingi ndogo zinatumia oili ya shokapu ya 10W. Ikikosekana, oili ya gia otomatiki ya magari, ile nyekundu, iko karibu na uzito huo na haidhuru sili. Oili ya injini ya 20W-50 ni nzito mno. Usiweke mafuta ya breki hata tone moja: yanavimbisha mpira wa sili hizi.

Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Ndogo nyingi ziko kati ya 130 na 200 ml kwa mguu; za mashindano zinaweza kuzidi 500 ml. Pima kwa bomba la sindano au chupa ya mtoto yenye mistari, miguu yote sawasawa. Kipimo sahihi zaidi ni cha kimo: springi ikiwa nje na paipu imezama mpaka mwisho, pima kwa rula kutoka mdomo wa paipu hadi usawa wa oili.

Wengine huongeza oili "ili shokapu ikaze". Juu ya oili lazima kuwe na hewa inayobonyezeka. Ukiijaza nafasi hiyo, kila shimo linakuwa pigo kwenye sili, maana oili haibonyezeki.

15. Upande mmoja tu ndio unavuja. Nibadilishe zote mbili?

Badilisha zote mbili pamoja na kofia za vumbi. Nyingine ina umri uleule, na miguu lazima iwe na oili ya aina moja na kiasi kimoja.

16. Kuna cha kuzingatia wakati wa kurudisha gurudumu?

Kimoja kikubwa. Ingiza ekseli, kaza nati yake, lakini ile bolti inayobana ekseli kwenye mguu iache legevu. Bonyeza shokapu mara kumi. Miguu itajitafutia nafasi yake na kuwa sambamba. Hapo ndipo ukaze. Ukikaza kabla, miguu inavutana ndani au nje, na sili inalika upande mmoja.

## Pikipiki za magurudumu matatu

17. Mbona shokapu za toyo ya mizigo zinakufa haraka kuliko za pikipiki?

Kwa sababu hailali. Pikipiki ikikata kona inalala, na uzito unashuka ukifuata mstari wa shokapu. Ya magurudumu matatu inabaki wima, mzigo unataka kuendelea mbele, na gurudumu la mbele linasukumwa ubavuni. Nguvu hiyo inazipinda paipu kando ndani ya miguu, kila kona, kutwa nzima. Bushi zinalika ubavuni kwanza, kisha yanafuata ya swali la 10.

Kwa hiyo jaribu mchezo kushoto na kulia, siyo mbele na nyuma pekee. Kwa jaribio la kubonyeza, egemeza gurudumu la mbele ukutani na usukume usukani, kwa maana breki ya mbele peke yake haitaizuia gari nzito hivyo.

18. Yangu ina mabuti ya mpira yanayofunika paipu, na springi za nje. Nitaonaje uvujaji?

Hutaona mpaka ufungue. Buti huficha oili miezi, linajaa kama mfuko, kisha siku moja linamwaga. Libinye kwa chini: likilia kwa majimaji, legeza kibanio cha chini na ulipandishe. Ukikuta tope badala ya oili, buti limechanika na sasa linafanya kinyume cha kazi yake, linashikilia mchanga juu ya sili. Buti lililochanika ni bora litolewe kuliko kuachwa.

Toyo nyingi zina mirija ya oili katikati na springi za kusaidia pembeni. Springi hizo zikiwa nzima, mbele haishuki hata oili ikiisha yote, ndiyo maana dereva hahisi kitu. Dalili ni kudunda: ukivuka tuta inaruka mara tatu nne badala ya moja.

19. Bajaji nayo ina sili za namna hii?

Hapana. Gurudumu la mbele la bajaji limeshikwa na mkono mfupi wenye shokapu iliyofungwa kiwandani. Ikivuja inabadilishwa nzima.

20. Nina Honda ATC ya zamani ya mchangani. Majibu haya yanahusu?

Inategemea. Ya kwanza ya 1970 haikuwa na shokapu kabisa. Matairi yake manene ndiyo yaliyokuwa springi. Zilizokuja baadaye, kama ATC250R ya 1981, zina shokapu za oili, na yote ya hapo juu yanahusu, pamoja na la swali la 17. Uuzaji wa mashine mpya za aina hiyo ulikoma Marekani kufuatia makubaliano ya mahakama ya 1988, kwa hiyo tafuta sili kwa vipimo.

Shokapu kadhaa za miaka ile zina valvu ya hewa juu. Usiiguse kwa kompresa ya kujazia matairi. Nafasi ya hewa ni ndogo mno, na mpulizo wa sekunde moja unaweza kuitoa sili mahali pake.

## Kesi ngumu

21. Nimebadilisha sili, na baada ya wiki inavuja tena. Kwa nini?

Toa sili hiyo na uisome. Mdomo una mkato mmoja mkali? Uliingizwa bila plastiki, au kuna ncha kwenye paipu. Umelika upande mmoja tu? Bushi, paipu iliyopinda, au gurudumu lilikazwa vibaya. Mpira umevimba na kulainika? Oili mbaya. Mdomo ni mzima lakini ubavu wa nje umelowa? Oili inapita nje ya sili: kiti kina mkwaruzo, au ukubwa siyo. Sili imepanda juu? Klipu haikukaa kwenye mfereji, au oili ilizidi.

22. Inavuja nikipanda milimani tu, tambarare ni kavu.

Shokapu ikifungwa usawa wa bahari inabeba hewa ya huko. Ukipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, hewa ya nje inapungua kwa karibu moja ya tano, na ile ya ndani inasukuma kutoka nje. Joto la jua na la kazi linaongeza. Shokapu za kisasa za njia mbovu zina skrubu ndogo juu: inua gurudumu la mbele hewani, ifungue mpaka usikie "fss", ifunge. Pikipiki ndogo nyingi hazina skrubu hiyo, na sili nzima huvumilia. Ikivuja kwa kiasi hicho tu, tayari ilikuwa imechoka.

23. Shokapu zangu zimegeuzwa, paipu iko chini. Kinachobadilika ni nini?

Sili iko chini ya mrija wa nje, imeelekea ardhini, na kofia ya vumbi iko chini yake. Hakuna kisima cha kuhifadhi oili, kwa hiyo uvujaji mdogo unaonekana mapema na unafika kwenye breki mapema. Paipu nayo iko karibu na gurudumu, inapigwa na kokoto; ngao za plastiki za mbele si za urembo. Sehemu wazi ya springi ya sili inaangalia juu.

24. Fundi anataka kukata springi ya sili ili ibane zaidi. Akubaliwe?

Inafanya kazi kwa muda. Springi ile imeunganishwa kwa kuskrubiwa ncha moja ndani ya nyingine; wanakata milimita tatu hadi tano na kuirudisha. Mdomo unabana, oili inasimama, lakini mpira unalika haraka na paipu inakauka. Uko Kibondo na sili ziko Kigoma mjini? Sawa. Uko jirani na duka? Hapana.

25. Oili imeshaingia kwenye breki. Pedi zinaoshwa?

Diski inaoshwa kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki, ikafutwa kwa kitambaa safi mpaka kisichafuke. Pedi na viatu vya ngoma vimeshanyonya. Kuvichoma moto kunatoa oili ya juu tu, na ikipata joto iliyobaki inapanda tena. Nunua vipya, lakini baada ya sili, siyo kabla.

26. Nabeba samaki, au naishi Pwani, na kutu hairudi nyuma.

Maji ya chumvi hutulia juu ya kofia ya vumbi, na hapo ndipo kutu huanzia: pete ya vidoti juu kidogo ya mpira, mahali paipu husimama pikipiki ikiegeshwa. Osha kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, kausha, pitisha kitambaa chenye oili kidogo. Ikikaa wiki bila kutumika, ibonyeze mara chache ili sili isigande sehemu moja.

27. Pikipiki inasafirishwa kwenye Fuso. Kufunga kamba kunaweza kupasua sili?

Kamba zikivuta usukani mpaka shokapu zizame zote, kila mtikisiko wa lori unasukuma oili kwenye mdomo wa sili, tena kwa masaa. Weka gogo kati ya tairi na madigadi, au kati ya tairi na kibano cha chini kama madigadi iko chini, kisha vuta kamba mpaka shokapu zishuke theluthi moja tu. Ikifika, zifungue kamba kwanza, halafu futa paipu kabla hujaisukuma: vumbi la safari limeshalala juu yake.